Kiungo cha Mtandao ni Dhamana

Siku hizi si ajabu kwa mfanyabiashara mdogo wa Mugutha, awe anauza miche, mayai, mawe ya kujengea au maji ya kisima, kupokea katika simu yake barua ya mtu asiyemjua. Barua hiyo huja kwa maneno matamu. Humwambia kwamba tovuti yake imeonekana, imependwa, na kwamba ingefaa waungane mkono: yeye aweke katika ukurasa wake kiungo cha kuwapeleka wasomaji kwa huyo mgeni, na mgeni naye afanye vivyo hivyo. Malipo hakuna. Mwenye duka husoma, hufurahi, na mara nyingi hukubali siku hiyo hiyo, maana cha bure hakimwumizi mtu kichwa.

Sisi hatusemi kwamba kupeana viungo ni jambo baya. La hasha! Mkono mmoja haulei mwana, na duka dogo lisilotajwa na mtu yeyote hufa kimya kimya, hata likiwa na bidhaa bora namna gani. Tunalosema ni kwamba wengi wanaoingia katika mapatano haya hawajui wanachokitoa. Wao hudhani wanatoa nafasi ya mstari mmoja tu katika ukurasa. Kumbe wanatoa dhamana.

MAJIRANI WASIOJUANA

Yafaa kwanza tuitazame hali ya sehemu zetu. Nchi hii iliyo kati ya Ruiru na Thika ilijulikana zamani kwa mashamba makubwa ya kahawa na katani. Watu wake hawakuwa wengi, na aliyetaka kununua ng'ombe au kipande cha ardhi alimwuliza jirani, na jirani alimjua muuzaji, baba yake, na hata babu yake. Habari ya mtu ilimtangulia.

Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilometa 50 hivi, ilipofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, mambo yalibadilika kwa kasi. Mashamba yalikatwa vipande, nyumba za ghorofa zikachipuka, na wageni wakaja kutoka kila pembe ya Kenya. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta mjini Ruiru watu kama 490,000, hali miaka kumi kabla ya hapo walikuwa kama 239,000. Mugutha nayo haikuachwa nyuma. Leo mtu anaweza kupanga chumba hapo mwaka mzima bila kulijua jina la anayelala upande wa pili wa ukuta.

Katika hali kama hiyo, mnunuzi hawezi tena kumwuliza jirani, kwa sababu jirani naye alihamia juzi. Basi huuliza simu yake. Huandika neno moja au mawili, na mtambo wa kutafutia humletea orodha ya tovuti. Anachokiona juu ya orodha hukiamini, na anapoikuta tovuti moja imeitaja nyingine kwa wema, huamini zaidi. Kwa maneno mengine, kiungo kimechukua kazi iliyokuwa ya jirani.

NENO LENYE MAANA NYINGI

Kiswahili kimetupa neno la hekima katika jambo hili. Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana, kama goti na kiwiko. Kiungo pia ni mkono, mguu au sehemu nyingine ya mwili. Na mpishi naye anavyo viungo vyake jikoni, yaani iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga. Waliolichukua neno hili wakalipa kazi mpya ya mtandaoni hawakukosea hata kidogo, kwa sababu maana zote hizo zinatufunza. Goti likivimba, mwili mzima huchechemea, hata kama mkono na jicho havina kasoro. Na viungo vya mchuzi, jinsi vilivyo vitamu, vikizidi chungu kizima humwagwa.

Kwa asili yake, kiungo cha mtandaoni kiliwekwa kwa faida ya msomaji. Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ikaonekana 1991. Nia yake ilikuwa kwamba mtu anayesoma andiko moja aweze kuruka mara moja hadi andiko jingine linalohusiana nalo, bila kuhangaika kulitafuta kabatini. Hapakuwa na biashara katika wazo hilo.

Thamani ya fedha iliingia baadaye. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, waliandika juu ya njia mpya ya kupanga kurasa za mtandao, nao wakaanzisha Google mwaka huo huo. Njia yao ilifanana na mambo ya baraza. Kila kiungo kilihesabiwa kama ushahidi: tovuti inayotajwa na nyingi ilipewa heshima, lakini neno la tovuti yenye heshima lilikuwa na uzito kuliko maneno ya tovuti mia zisizojulikana. Ni kama vile wazee wanavyosikiliza. Shahidi mmoja mwaminifu huwashinda walevi kumi.

Tangu hapo kiungo kikawa mali, na penye mali hapakosi wachuuzi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1996, huko Marekani kulikuwa kumeanzishwa kampuni iitwayo LinkExchange, ambayo kazi yake ilikuwa kuzisaidia tovuti ndogo kupeana nafasi za matangazo. Miaka miwili tu baadaye kampuni hiyo ilinunuliwa na Microsoft kwa dola milioni 265. Ilikuwa biashara halali. Lakini waliofuata nyuma hawakuwa wote waungwana. Kulizuka tovuti zisizo na habari yoyote ndani yake isipokuwa orodha ndefu za viungo, na watu wakawa wanauziana ushahidi kama nyanya sokoni.

MWISHO WA USHAHIDI WA KUNUNUA

Ushahidi wa kununua una siku zake. Mwezi wa Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza habari za J.C. Penney, duka kubwa la Marekani, ambalo kwa miezi kadhaa lilikuwa likitokea juu ya orodha kila mtu alipotafuta magauni, matandiko na mazulia. Ilionekana kwamba viungo maelfu vilikuwa vimetawanywa kwa ajili yake katika tovuti zisizohusika kabisa na bidhaa hizo. Duka lilisema halikujua, likaiachisha kazi kampuni iliyokuwa ikilishughulikia. Hata hivyo Google ililiteremsha chini. Ikiwa tajiri mwenye mawakili na mafundi aliadhibiwa namna hiyo, muuza miche wa Mugutha atasamehewa kwa lipi?

Mwezi wa Aprili 2012 Google ilileta marekebisho yaliyopewa jina la Penguin, ambayo yaliziangusha tovuti nyingi zilizokuwa zikitegemea viungo vya hila. Kanuni zake za leo zinautaja waziwazi mtindo wa kupeana viungo kupita kiasi, ule wa "nipe nikupe" usio na sababu nyingine, kuwa ni udanganyifu. Na ieleweke vizuri: kinachokatazwa ni kupita kiasi. Majirani wawili wanaofanya kazi zinazohusiana, wakitajana kwa sababu ya kweli, hawana kosa. Wenye kosa ni wale wanaokusanya viungo kama mtu akusanyavyo vizibo vya soda.

DESTURI YETU YA NGWATIO

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa sehemu hizi hawahitaji kufundishwa na mgeni namna ya kupeana. Wakikuyu wanalo neno ngwatio. Majirani waliungana, wakalilima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, hadi zamu ikawazunguka wote. Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, kina mama wa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vya mabati. Walichanga fedha kidogo kidogo, wakaziezeka nyumba zao kwa zamu, na nyasi zilizokuwa zikivuja zikatoweka. Hata vyama vya leo, ambavyo kila jioni ya Jumapili hukutana katika nyumba ya mwanachama fulani, ni watoto wa desturi hiyo hiyo.

Tukiichunguza ngwatio tutaziona kanuni tatu zilizoifanya idumu. Kwanza, watu walijuana kabla ya kushikana. Hakuna aliyemwita mpita njia aje amlimie. Pili, kilichotolewa kilikuwa kazi ya kweli. Aliyekuja na jembe lake akakaa kivulini hakualikwa tena. Tatu, kila mmoja aliweza kuona kwa macho yake kama zamu yake ilirudishwa. Kupeana kusiko na mambo haya matatu hakukuwa ngwatio.

Sasa tuulinganishe mpango wa yule mgeni wa barua. Humjui. Anachokupa ni mstari mmoja uliofichwa chini kabisa ya ukurasa ambao hakuna binadamu anayeusoma. Na baada ya mwezi mmoja atakiondoa kiungo chako kimya kimya, hali chako kwake kingali kinafanya kazi. Je, huo ni ushirika, au ni kulimishwa shamba la mtu?

MADHARA YA PLOTI

Wapo watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo. Wanasema: kiungo kikiwa kibaya, hasara yake ni tovuti kushuka katika orodha, basi. Lau ingekuwa hivyo tusingeandika makala haya. Hapa kwetu hasara kubwa haimpati mwenye tovuti. Humpata msomaji wake.

Kila mtu aliyeishi kando ya barabara ya Thika anazijua habari za ploti. Kipande kimoja huuzwa kwa watu wawili au watatu. Hati huonyeshwa, kumbe ni karatasi ya kughushi. Mnunuzi hupelekwa kwa gari kutazama shamba zuri, kisha hukabidhiwa namba ya shamba jingine, au la hewani. Watu wamepoteza akiba za maisha yao, malipo ya uzeeni na mikopo waliyoichukua kwa riba.

Tuchukue mfano. Mlaghai anatengeneza tovuti yenye picha za kupendeza. Ajua kwamba jina lake ni jipya na hakuna atakayemwamini. Basi anaandika barua kwa shule fulani, kwa kanisa fulani, kwa chama cha kina mama na kwa muuza matangi ya maji, akiwaomba wabadilishane viungo. Wanne hao hawamjui, lakini wanaona hakuna ubaya. Wanamweka chini ya kichwa kinachosema "Washirika wetu". Siku moja mwalimu aliyestaafu, ambaye watoto wake wamebatizwa katika kanisa hilo, anaufungua ukurasa wa kanisa kutafuta saa ya ibada, na hapo analiona jina la wauza ploti. Anajiambia: kama kanisa limewataja, hao ni watu wema. Anatoa fedha zake.

Nani aliyemdanganya mwalimu huyo? Mlaghai, bila shaka. Lakini mlaghai aliazima mdomo wa kanisa. Hakuuiba. Aliuomba, akapewa, bila hata kuulizwa swali moja. Nchini tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na walaghai wanaweza kushtakiwa kwayo. Sheria lakini hufika baada ya tendo. Aliyepaswa kufika mapema ni mwenye tovuti, ambaye angejiuliza kabla ya kuweka mstari ule: je, mtu huyu ningemdhamini mbele ya chifu?

Hiyo ndiyo sababu tunasema kiungo ni dhamana. Mtu hamdhamini asiyemjua kwa sababu tu huyo naye ameahidi kumdhamini. Samaki mmoja akioza, wote huoza, na tovuti njema iliyobeba kiungo kiovu haitambulikani tena kuwa njema.

NAMNA YA KUPEANA KWA USALAMA

Tusikemee tu bila kuelekeza. Mwenye tovuti akiletewa ombi, afanyeje?

La kwanza ni kuifungua tovuti ya mwombaji na kuisoma, tena kwa simu ya kawaida kama ile wanayotumia wateja wake. Je, ina habari za kweli? Ina jina la mahali na namba ya simu inayojibiwa? Aipige. Anayeuza ploti au nyumba aulizwe kama ameandikishwa na bodi inayosajili mawakala wa nyumba na ardhi, na kama kampuni yake imo katika daftari la Huduma ya Usajili wa Biashara. Jina la tovuti linaloishia kwa .ke huratibiwa na KENIC, nako inawezekana kuuliza jina liliandikishwa lini. Anayesema ana miaka 20 katika kazi, na jina lake lilizaliwa mwezi uliopita, amejijibu mwenyewe.

La pili ni kuzitazama tovuti nyingine ambazo mwombaji amezitaja. Ukikuta katika ukurasa wake wachezesha kamari, wauza dawa za miujiza na wakopeshaji wasio na anwani, ujue kwamba jina lako litasimama katika foleni hiyo hiyo. Ndege wa rangi moja huruka pamoja, nao watazamaji hawatauliza wewe ulijiungaje nao.

La tatu, toa anwani tupu, usitoe ufunguo. Wapo wanaoomba neno la siri la tovuti ili "wakuwekee kiungo wao wenyewe", na wengine huleta maandishi ya kompyuta usiyoyaelewa wakikuambia uyabandike tu. Kataa yote mawili. Maandishi hayo yanaweza kuwapeleka wageni wako mahali pengine bila wewe kujua, au kuzichukua habari zao. Kadhalika usikubali kubadilishana orodha ya namba za simu za wateja. Mteja alikupa wewe namba yake, hakumpa rafiki yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda haki yake hiyo.

La nne, kama fedha zimepita, zisemwe. Tangazo ni tangazo. Tangu 2005 mafundi wanayo alama ya kuiambia mitambo ya kutafutia kwamba kiungo fulani kisihesabiwe kuwa ushahidi, na mwaka 2019 iliongezwa alama nyingine mahsusi ya viungo vilivyolipiwa. Fundi wako aiweke. Na msomaji naye aandikiwe kwa maneno ya wazi kwamba hapa pamelipiwa.

La tano, kagua. Tovuti hufa kama watu. Mwenye jina asipolipia ada yake ya mwaka, jina hurudi sokoni, na wapo wanaoyavizia majina hayo kama mwewe anavyovizia vifaranga. Kiungo ulichokiweka kwa uaminifu kumwelekeza msomaji kwa mtaalamu wa kuku chaweza, baada ya miaka miwili, kumfikisha kwenye kamari. Kila baada ya miezi mitatu, keti, bonyeza viungo vyako kimoja kimoja, na kilichoharibika ukiondoe.

NAMNA YA KUPEANA KWA FAIDA

Usalama pekee hauleti mteja. Watu wengi hupeana viungo kwa uaminifu na bado hawapati kitu, kwa sababu walichagua vibaya.

Anayefaa kuungana nawe ni yule ambaye mteja wake, akimaliza kwake, atakuhitaji wewe. Mama anayeuza miche ya maparachichi hana haja ya kupeana viungo na muuza miche mwingine wa ng'ambo ya mto, wala na muuza viatu wa mbali. Bali amtafute muuza matangi ya maji, fundi wa mabomba ya kunyunyizia, mwenye samadi, na mwalimu wa kilimo anayeandika juu ya magonjwa ya miti. Mkulima aliyenunua tangi atataka miche, na aliyenunua miche atataka kujua dawa ya wadudu. Hapo kiungo kinamsaidia msomaji, na kinapomsaidia msomaji hakihitaji hila kingine.

Kisha kiungo kiwekwe pale hasa msomaji anapokihitaji, katikati ya maelezo, wala kisirundikwe pamoja na vingine hamsini mwishoni. Maneno yake yaeleze kilicho mbele. Kuandika "bonyeza hapa" ni kama kumwambia mgeni "pita huko" bila kunyoosha kidole. Mwandikie: "Namna ya kuchimba shimo la mche wa parachichi", na umfikishe kwenye ukurasa wenyewe wa habari hiyo, usimwache mlangoni ahangaike.

Na faida ipimwe. Mteja akipiga simu, mwulize kwa adabu amelipata wapi jina lako. Andika katika daftari. Baada ya msimu mmoja utajua ni nani katika wenzako anayekuletea watu, na ni nani aliyekuja na jembe akakaa kivulini. Viungo vitano vinavyoleta wateja vinapita mia visivyoleta hata mmoja. Na juu ya yote, bidhaa yenyewe iwe nzuri, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tuhangaike na tovuti siku hizi, hali watu wote wako WhatsApp, Facebook na TikTok. Twawajibu kwamba kanuni haibadiliki. Anayelipeleka mbele tangazo la ploti katika kundi la WhatsApp la ukoo wake bila kulichunguza naye ametoa dhamana. Isitoshe, hata ile mitambo mipya ya kompyuta inayojibu maswali kama binadamu hujifunza mengi kutokana na yaliyoandikwa katika tovuti. Kisima kikichafuliwa, aliyechota kwa ndoo na aliyechota kwa kata hunywa uchafu ule ule.

KISWAHILI NACHO KINA HAKI

Ukurasa huu ni wa utamaduni, na tusingeutendea haki kama tungeishia kwenye biashara. Lugha yetu nayo inahitaji viungo.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003 na imeandikwa na watu wa kujitolea. Wapo pia walimu, washairi, wapishi na wataalamu wa kilimo, hapa Kenya na Tanzania, wanaoandika kwa Kiswahili safi katika kurasa zao. Tatizo ni kwamba hawatajani. Msomaji aanzaye safari yake kwa Kiswahili, akibonyeza kiungo cha kwanza, mara hujikuta katika Kiingereza, na harudi tena. Kila mwandishi amejenga chumba chake kizuri, lakini vyumba havina milango ya kupitana, na nyumba hiyo haiwezi kuitwa nyumba.

Hapa ndipo ngwatio ingefaa kuliko mahali pengine popote. Mwalimu wa fasihi wa Thika amtaje mshairi wa Lamu ambaye kazi zake amezisoma. Mshairi amtaje mtunzi wa kamusi. Mpishi wa pilau amtaje mkulima wa iliki, na mkulima amtaje mtafiti aliyeeleza kwa Kiswahili habari za udongo. Wasitajane kwa kuhurumiana, wala kwa hesabu ya moja kwa moja. Kazi mbovu isisifiwe kwa kuwa tu imeandikwa kwa Kiswahili, kwani huko ni kuiaibisha lugha. Watajane kwa sababu wamesomana. Mtu akisoma kitu chema na kukinyamazia, amemnyima mwenzake.

WITO WETU

Basi tunawaomba vijana wanaotengeneza tovuti, na wengi wao wamesomea papa hapa Juja katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, wasiwauzie wazee wetu maelfu ya viungo kwa bei ya rejareja. Wanajua mwisho wake. Mteja aliyeangushwa kwa hila za fundi hatamwita fundi huyo tena, na atawaonya wenziwe.

Tunaviomba vyama, makanisa, misikiti na shule za Mugutha, Ruiru na Thika zikumbuke kwamba majina yao yana uzito kuliko ya maduka. Kwa hiyo ndiyo majina ambayo walaghai huyatafuta kwanza. Kamati isiyoruhusu mtu asiyejulikana kusimama na kutangaza biashara yake mbele ya mkutano, kwa nini imruhusu asimame katika tovuti yake usiku na mchana?

Na mwenye duka dogo, ambaye barua ya mgeni ingali katika simu yake ikingoja jibu, asione haya kukawia. Haraka haraka haina baraka. Aifungue kwanza tovuti yake mwenyewe na kuhesabu viungo vilivyomo. Kwa kila kimoja ajiulize kama angekubali kumshika mkono mama yake mzazi na kumfikisha mahali pale akiwa na fedha zake mfukoni. Kile atakachokiitikia kwa moyo mweupe, akiache. Kile atakachokisitia, akifute leo, kisha ndipo amjibu mgeni.